Mtindi wa Nyumbani na Haki ya Mama



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba zake. Ama baad.

Wasomaji wetu watukufu, juma hili tumeazimia kuingia jikoni. Huenda baadhi ya kina baba wakashangaa ni lipi limpelekalo sheikh kwenye masufuria. Tuwakumbushe kwamba Bibi Aisha (R.A.), alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani mwake, alieleza kuwa alikuwa akiwatumikia ahali zake, na wakati wa Sala ulipofika akitoka kwenda kusali. Ikiwa mbora wa viumbe hakuona haya, sisi ni nani hata tuone haya?

Kisa chenyewe ni hiki. Mama yetu mzazi, ambaye umri umemwendea, alihamia kwetu baada ya kuugua. Hamu ya chakula ilimtoka. Wali akiusogeza kando, samaki akimrudisha. Alichokitamani ni mtindi tu, kama ule aliokuwa akiugandisha mwenyewe sisi tulipokuwa wadogo. Tukawa tunamnunulia yogati ya dukani. Hula vijiko viwili kisha husema, "Mwanangu, hii ni sukari, si maziwa."

Siku moja tuliyasoma maandishi ya kopo, tukakuta sukari kweli, na jelatini pia. Jelatini hutolewa katika ngozi na mifupa ya wanyama. Pasipotajwa ni mnyama gani, na alichinjwa vipi, Muislamu hubaki na shaka; nasi tumefundishwa kuliacha lenye shaka tukashika lisilo na shaka.

Kabatini palikuwa na sufuria ya umeme ipikayo polepole, zawadi ya binti yetu afanyaye kazi Doha. Ilikaa ndani ya katoni yake mwaka mzima bila ya kuguswa. Ahali yetu akaitoa, akatayarisha maziwa, kisha akaenda arusini na kutuachia amana ya kuyalinda. Nasi kwa pupa yetu tukawa tunafunua kifuniko kila nusu saa, tunatikisa, tunakoroga. Kulipokucha tulikuta majimaji matupu. Mama alitutazama, akacheka kwa mara ya kwanza tangu augue. "Ndivyo ulivyokuwa udogoni," akasema. "Ukipanda mbegu, waifukua kutazama kama imeota."

Tukaketi chini ya kitanda chake, tukamwomba atufundishe. Haya ndiyo tuliyoyapata kwake, tukayalinganisha na sufuria ya kisasa.

Chukua lita 2 za maziwa. Yakiwa ni ya mchuuzi, yachemshe kwanza jikoni, kwa kuwa maziwa mabichi hubeba maradhi. Yatie katika sufuria ya umeme, moto wa chini, kwa muda wa saa 2 na nusu hivi, hadi yakaribie kuchemka. Mwenye kipimo atazame nyuzi 82. Joto hilo ndilo lifanyalo mtindi uwe mzito. Kisha zima, chomoa waya, uyaache yapoe muda wa saa 3 hivi, hadi nyuzi 43 au 45. Yakiwa moto mno, vijidudu hai vigandishavyo maziwa hufa. Yakipoa mno, hulala visifanye kazi.

Teka kikombe kimoja cha maziwa hayo ya uvuguvugu, ukoroge ndani yake nusu kikombe cha mtindi usio na sukari wala jelatini, na ambao umeandikwa kuwa una vijidudu hai. Rudisha mchanganyiko sufuriani, koroga taratibu, funika. Usiwashe tena umeme. Ifunge sufuria kwa leso mbili na blanketi, uiache saa 8 hadi 12 pasi na kuifunua. Hata stima ikipotea usiku, huna hasara. Asubuhi uweke kwenye friji, na kabla ya kuula, tenga nusu kikombe kiwe mbegu ya mara nyingine, uitumie kabla ya kutimia siku 7. Ukiona ukungu au harufu isiyo yake, mwaga wote uanze upya.

Katika nyumba yetu hapana kipimo cha nyuzi. Mama huoshwa mikono, akaletewa maziwa kidogo katika kikombe, akachovya kidole na kuhesabu hadi kumi. Akiweza kustahamili, husema, "Tayari." Kidole chake ndicho kipimo chetu, na hajakosea hata mara moja. Mtindi wa pili uliganda vyema, akala bakuli zima. Hatusemi kwamba mtindi ulimponya, kwani kuponya ni kwa Mola. Lakini tangu siku aliyoulizwa, amerudi kuwa mtu mwenye kazi nyumbani.

Hapo ndipo tulipojiona tulivyopungukiwa. Tulidhani kumnunulia kopo kumetosha. Wangapi miongoni mwetu tunatuma pesa kwa simu kila mwisho wa mwezi, tukahesabu kuwa tumetekeleza haki ya wazazi? Mzee hataki kulishwa tu. Hutaka pia kuulizwa, na kuketiwa.

Katika Suratun-Nahl, aya ya 66, Mwenyezi Mungu ametutajia maziwa kuwa ni mazingatio kwetu. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba anywaye maziwa aombe barakah na kuzidishiwa. Basi enyi kina mama na mabinti, na nyinyi kina baba, juma hili mkiweka maziwa motoni, mwiteni mzee wa nyumba achovye kidole. Na aliye mbali na mamake ampigie simu amuulize alikuwa akigandisha vipi.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu, walio hai na waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.