Kisangani ina mto na pori, inakosa njia zilizopangwa

Anayeshuka ndege Bangboka ana kilometa 17 kufika katikati ya mji wa Kisangani. Karibu kila mtu anazipita ndani ya gari au juu ya pikipiki, mzigo mapajani, bila kusimama. Mgeni analala hotelini, anamaliza kazi iliyomleta, anarudi Bangboka. Ukimuuliza ameona nini, atataja Wagenia, kama alipata mtu wa kumpeleka. Na wenyeji wengi ni vilevile: wapo vijana wa Makiso na Mangobo wanaomaliza shule ya sekondari bila kuingia hata mara moja katika pori lililo kilometa 15 kutoka nyumbani kwao.

Kila serikali ya jimbo imezungumza juu ya utalii wa Tshopo. Tunasikia habari za hoteli kubwa na za wawekezaji watakaokuja. Maoni yetu ni kwamba tuanze na kitu kidogo zaidi, ambacho hakingoji mwekezaji: matembezi mepesi ya nusu siku, kwa miguu, kando ya mto na ndani ya misitu ya karibu. Nchi yetu hapa ni tambarare, haihitaji mtu awe mpanda milima. Mama mwenye watoto anaweza kutembea, mzee pia anaweza.

Njia tatu zinatosha kwa kuanzia.

Ya kwanza ni ya ukingo wa mto, kutoka kanisa kuu la Notre-Dame du Rosaire hadi maporomoko ya Wagenia. Kwa mwendo wa polepole haizidi saa mbili. Wagenia ni mwisho wa maporomoko saba yanayoanza Ubundu, ambako mto unashuka karibu mita 60 katika umbali wa kilometa 100 hivi. Huko wavuvi wanasimika miti mikubwa katika nyufa za mawe, wanaifunga kwa kamba za porini, kisha wananing'iniza vikapu vya kunasa samaki katikati ya maji makali. Kazi hiyo inafaa kutazamwa bila haraka, na wenyewe wapo wa kuieleza.

Ya pili inaelekea kaskazini, kwenye daraja la mto Tshopo na maporomoko yake, palipo na bwawa linaloupa mji umeme. Njia hii ina uzuri wake na uzito wake. Mwezi wa 6 mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana humu mjini kwa siku sita, na eneo la daraja hilo liliona mapigano makali. Kijana wa miaka 20 hakuwa amezaliwa. Akitembea hapo na mtu mzima anayekumbuka, atajifunza jambo ambalo darasani hulipata kwa mistari miwili.

Ya tatu ni Masako, kwenye barabara ya zamani ya Buta, ambako mto Tshopo unapinda na kuzunguka hifadhi ya hektari 2,105. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kisangani wamefanya kazi huko kwa miaka mingi. Ndani ya mwendo mfupi mtu anapita shamba, kisha kichaka kilichoachwa kipumzike, kisha pori changa, mwishowe pori la zamani la miti ya limbali ambamo jua halifiki chini. Hakuna kitabu kinachoeleza vizuri zaidi jinsi pori linavyokufa na jinsi linavyorudi.

Tukishazoea hizo, tutafikiria kisiwa cha Mbiye, juu ya maporomoko ya Wagenia, chenye urefu wa karibu kilometa 14. Lakini hicho kinafikiwa kwa pirogi, na pirogi bila jile za kuokolea si matembezi mepesi.

Wapo watakaosema hili ni jambo la watu walioshiba. Kivu inawaka, bei ya chakula imepanda, na ndani ya mji huu huu kuna familia zilizokimbia mgogoro wa Mbole na Lengola uliolipuka mwaka 2023. Nani ana nafasi ya kutembea porini? Hoja hiyo ni ya kweli na hatuwezi kuipuuza. Ndiyo maana katika njia tatu tulizozitaja hakuna hata moja ya ngambo ya pili. Pori la Yoko, kwenye barabara ya Ubundu, ni zuri na lina miti ya afrormosia ambayo dunia nzima inaitafuta. Lakini Lubunga na barabara ile zimeona damu, na hakuna mtu wa kumpeleka mtoto wa shule huko mpaka wenyeji wenyewe waseme kuna amani. Amani hiyo itengenezwe kwanza, njia itafuata.

Hata hivyo, hoja ya umaskini inaweza kusomwa kwa upande mwingine. Leo pori la karibu na mji linaleta pesa kwa namna mbili tu zinazoonekana: makala na shamba jipya. Kila gunia la makala linalopita kwenye toleka kuelekea sokoni lina mti nyuma yake, na anayelibeba hana kazi nyingine ya kuchagua. Kumwambia aache bila kumpa kitu ni hotuba ya bure. Kijana wa kijiji cha jirani na Masako akilipwa kuongoza watu kumi kila Jumamosi, na mama yake akiwauzia chikwange na samaki wa liboke, basi limbali iliyosimama inaanza kuwa na faida nyumbani kwao. Matembezi peke yake hayataokoa pori, lakini yatawapa watu wachache sababu ya kulilinda, na hao ndio wanaolala karibu nalo.

Sheria inasaidia. Amri ya tarehe 2 mwezi wa 8 mwaka 2014 inaruhusu jamii za wenyeji kupewa msitu wao kisheria, hadi hektari 50,000. Jamii yenye hati kama hiyo inaweza kukata njia, kuweka bei na kugawana mapato bila kumuomba tajiri wa mjini ruhusa.

Kinachoharibu matembezi kwa sasa ni kutojua. Mtu hajui alipe nani, alipe kiasi gani, na kama akishalipa mwingine hatatokea mbele yake na kudai tena. Bei isiyoandikwa inazaa ugomvi: mgeni anaona ameibiwa, mwenyeji anaona amedharauliwa, na wote wawili wanaachana na hasira. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hawezi kupona ikiwa mgeni anaondoka akiapa kutorudi.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne. Jimbo na meya wa mji wakae na wakubwa wa Wagenia na machifu wa vijiji vya Masako, wakubaliane bei moja, iandikwe kwa faranga kwenye kibao, na kila anayelipa apewe risiti inayoonyesha sehemu ya kijiji na sehemu ya serikali. Chuo kikuu kitoe wanafunzi wa kufundisha waongozaji majina ya miti na ndege, nao wanafunzi wajifunze kwa wazee majina waliyoyasahau. Wasimamizi wa uwanja wa Bangboka waweke ubao mmoja penye mlango wa kutokea, wenye ramani ya njia hizo tatu. Na wakuu wa usalama watangaze redioni kila Ijumaa njia ipi iko wazi na ipi imefungwa. Hakuna ombi hata moja hapa linalohitaji mkopo kutoka nje.

Kwa msomaji anayetaka kutoka wikiendi hii bila kungoja vibao, mambo machache. Ondoka asubuhi mapema, maana tuko karibu kabisa na ikweta: jua la mchana ni kali na giza linaingia haraka. Miezi ya 12 hadi ya 2, na ya 6 hadi ya 8, ina mvua pungufu, lakini Kisangani hainyimwi mvua mwezi wowote, kwa hiyo beba kitu cha kujifunika. Vaa viatu vilivyofungwa na nguo za mikono mirefu kwa ajili ya mbu. Beba maji ya kunywa ya kutosha na kadi yako ya mpiga kura. Mwambie mtu aliyebaki nyumbani unakwenda wapi na utarudi lini. Ukifika kijijini, pita kwanza kwa chifu umsalimie kabla ya kuingia porini. Usipige picha za uwanja wa ndege, daraja, bwawa la umeme wala askari, maana picha moja inaweza kukumalizia siku nzima kwenye ofisi. Na usiogelee karibu na maporomoko, hata ukiwaona watoto wa hapo wakiruka majini. Wao wanayajua mawe yaliyo chini, wewe huyajui.

Tshopo ndilo jimbo kubwa kuliko yote nchini, na sehemu kubwa yake ni msitu. Ni aibu kwamba mkaaji wa mji mkuu wake anaujua msitu huo kwa gunia la makala tu. Mkutano mmoja wa viongozi, vibao vichache na bei moja iliyoandikwa vinatosha kuanza. Wenye mamlaka wakianza na njia moja tu, ile ya kutoka kanisa kuu hadi Wagenia, tutaitembea, na tutawaeleza wasomaji kama risiti ilitolewa.