Wimbo Hauambukizi, Kimya Ndicho Huua

Ukipanda matatu kutoka Matuu kuelekea Masinga, hukosi kusikia wimbo wa mapenzi wenye mdundo wa kutikisa kiuno. Mzazi aliyeketi na bintiye hugeuza uso dirishani akijifanya hasikii. Wakifika nyumbani, hakuna anayeligusia jambo hilo. Hapo ndipo penye hatari.

Mwaka wa 2014 kundi la Sauti Sol lilipotoa video ya "Nishike", kelele zilikuwa nyingi, na baadhi ya vituo vya televisheni vikakataa kuionyesha. Mwaka uliofuata wimbo huo ukawa katika albamu yao "Live and Die in Afrika". Vijana waliendelea kuucheza. Je, kelele zile zilimfunza nani kujikinga na UKIMWI au mimba ya mapema?

Mimi sitetei kila kinachoimbwa. Nasema tu kwamba anayeamsha hisia anaweza pia kuonya. Mwanamuziki Madonna wa Marekani, aliyelaumiwa sana kwa nyimbo za kuchochea ashiki, alitia karatasi ya maelezo kuhusu UKIMWI ndani ya albamu yake ya 1989, "Like a Prayer". Katika "Erotica" ya 1992, iliyojaa mambo ya mwili na dansi, aliweka pia wimbo wa kuwaomboleza marafiki waliouawa na gonjwa hilo. Jirani zetu Uganda, Philly Lutaaya alitangaza hadharani mwaka wa 1989 kwamba ana virusi, akaimba na kuwafunza watu hadi alipofariki Desemba mwaka huo.

Wazazi, tusizime redio tu. Tuzungumze. Mwambie mwanao kwamba kucheza dansi na kukumbatiana hakuambukizi virusi. Ngono isiyo na kinga ndiyo huambukiza. Mwambie mpira wa kondomu hukinga ukitumiwa sawasawa kila mara. Aliyebakwa au aliyepatwa na ajali kama mpira kupasuka akimbie hospitalini: dawa za kuzuia maambukizi ya virusi sharti zianzwe ndani ya saa 72, na kadiri mapema ndivyo bora. Naye anayeishi na virusi, akimeza dawa zake hadi virusi visionekane kwenye vipimo, hawezi kumwambukiza mwenzake kwa ngono.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Siku nyingine wimbo ule ukipigwa katika matatu, usigeukie dirisha. Mkishuka, anza wewe mazungumzo.