MITAA IFUNGWE KWA HESABU

Tangu Sumbawanga ilipofanywa makao makuu ya Mkoa wa Rukwa mwaka 1974, mji huu umekuwa njia panda ya Ufipa yote. Lori la mahindi liendalo Tunduma, basi litokalo Mpanda na gari lielekealo Matai hadi bandari ya Kasanga, yote hukutana hapa. Kwa hiyo mtaa mmoja wa katikati ya mji ukifungwa, au ukifanywa wa njia moja, jambo hilo si la wenye magari peke yao.

Hatuupingi utaratibu wa njia moja. Mtaa mwembamba wenye maduka pande zote mbili hauwezi kupitisha malori mawili yanayokabiliana. Lakini gari lililokatazwa kupita halitoweki; huzunguka. Aghalabu huingia mitaa ya makazi, kwenye barabara za udongo ambako watoto huvuka kwenda shule, na wakati wa mvua lori moja lenye shehena huacha mahandaki ya kudumu msimu mzima. Mwenye mkokoteni naye huzunguka, na ujira wa mzunguko huo hulipwa na mama anayenunua debe la ulezi. Hakuna bajeti inayoandika gharama hiyo.

Ndugu zetu wa Visiwani wanalijua jambo hili kwa sura nyingine. Vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, havikujengwa kwa ajili ya magari. Gari huishia pembezoni, na ndani watu hutembea kwa miguu. Kizuizi hicho hakimsumbui mwenyeji, kwani anajua tangu utotoni gari linakomea wapi. Kamba iliyofungwa asubuhi bila taarifa haimpi mtu ujuzi huo.

Barabara kuu ziko chini ya TANROADS, za mitaa zimekuwa chini ya TARURA tangu 2017, soko na stendi ni vya halmashauri, na kuongoza magari ni kazi ya polisi. Mwananchi hajui amwendee nani, na kila ofisi humwelekeza kwa jirani yake. Tunawataka wahusika hao wakae pamoja na wenyeviti wa mitaa kabla mtaa haujafungwa, wabandike tangazo kwenye ofisi ya mtaa lenye tarehe ya kufunga na ya kufungua, na waitengeneze kwanza njia ya mchepuko, kabla ya mvua za Novemba.