Shuka Dodoma, Ulale Siku Mbili

Ndugu msomaji, huenda Dodoma umeshafika. Ulikuja kwenye semina, au kufuatilia barua wizarani, au kumsindikiza kijana anayeanza masomo UDOM. Ulilala nyumba ya wageni iliyo karibu na shughuli yako, ukala chipsi kuku, na alfajiri ukawahi basi. Ninachokuomba ni kwamba safari ijayo uongeze siku mbili, uzitumie kula, kuonja na kutembea mashambani. Mji huu umezungukwa na mashamba ya zabibu ambayo wengi wetu tumeyaona kwa kupitia dirisha la basi. Watu wanaoyalima wanahitaji wateja wa nyumbani, na wateja hao ni mimi na wewe.

Zabibu zimeipenda Dodoma kwa sababu zile zile zinazowafanya watu waiite nchi kame. Mvua hunyesha kati ya Desemba na Aprili, nayo ni ya kupimwa, kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Baada ya hapo anga hukauka miezi mingi. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai utatafuta sweta. Mahindi huteseka katika hali hiyo. Mzabibu hustahimili, hasa ukipata maji ya kumwagilia. Unachokichukia ni unyevu, kwa kuwa ndio unaoleta ubwiri kwenye majani na vishada. Tena hapa hakuna baridi kali ya kuulaza mti. Mkulima mwenyewe ndiye anayeuamsha: akipogoa matawi leo, miezi minne hivi baadaye anavuna. Ndiyo maana Dodoma ina mavuno mawili kwa mwaka, moja karibu na Machi na jingine karibu na Agosti na Septemba, wakati Italia na Ufaransa wanavuna mara moja tu. Mimi nakushauri uje kwenye yale ya kiangazi. Barabara za vumbi zinapitika, na zabibu iliyoivia juani bila mvua huwa na sukari nyingi zaidi.

Kilimo hiki hakikuanza na kampuni. Kumbukumbu nyingi zinautaja mwaka 1957 na misheni ya Kikatoliki ya Bihawana, kwenye barabara ya Iringa, ambako wamisionari kutoka Italia walipanda mizabibu. Padri anahitaji divai kwa ajili ya Misa, na kuiagiza kutoka ng'ambo hakukuwa jambo dogo. Kutoka hapo vipandikizi vikaenda kwa wanakijiji, na leo utaikuta mizabibu Mpunguzi, Matumbulu, Hombolo, Makutupora na Chinangali. Kule Makutupora, kaskazini mwa jiji, kipo kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI, ambacho zabibu ndiyo kazi yake kubwa. Zabibu nyekundu inayolimwa kwa wingi na wakulima wetu imebeba jina la mahali hapo, Makutupora. Kwa mvinyo mweupe wengi hutegemea Chenin Blanc, na wapo wanaolima Syrah na aina nyingine za Ulaya.

Usafiri si kisingizio tena. Treni ya umeme ya SGR, aliyoizindua Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 1 Agosti 2024, inakutoa Dar es Salaam na kukushusha Dodoma kwa takriban saa nne, ukiwa bado na nguvu za kutembea. Na kwa safari ya namna hii treni ina faida nyingine kubwa. Anayeonja mvinyo hapaswi kushika usukani, hata awe ameonja kidogo kiasi gani. Kwa hiyo njoo kwa treni, na ukifika kodi gari lenye dereva asiyekunywa siku hiyo.

Njia ninayoipenda ni ya kusini magharibi. Unatoka mjini asubuhi kwa barabara ya Iringa, unapita Bihawana, unafika Mpunguzi. Usitarajie lango lenye kibao cha kukaribisha watalii. Ingia ofisi ya chama cha ushirika cha wakulima, salimia, jieleze, omba mtu wa kukutembeza shambani, na umlipe kwa muda wake kama unavyomlipa mwongoza watalii yeyote. Atakuonyesha nguzo na nyaya zinazobeba matawi, jicho linalobakizwa wakati wa kupogoa, na jinsi wanavyopambana na ndege wanaotangulia kuonja. Muulize anajuaje kwamba zabibu imeiva. Atakuambia juu ya rangi na juu ya kifaa kidogo cha kupima sukari, lakini atakupa pia punje utafune, na utagundua kwamba utamu wa nyama ya zabibu na ukakasi wa kokwa ni vitu viwili tofauti. Ukiendelea na barabara hiyo hiyo unafika bwawa la Mtera. Hapo samaki wanakaangwa kando ya barabara, perege wenye ngozi iliyokauka vizuri, wanaoliwa kwa mkono na chumvi na pilipili. Kama umebeba chupa ya mvinyo mweupe mkavu ndani ya boksi la barafu, huo ndio mlo ninaokuombea uupate. Uchachu wake unakata mafuta ya samaki kama ndimu.

Jumamosi geuka kaskazini, kwenye barabara ya Arusha. Tembelea Makutupora asubuhi, na wakati wa kurudi simama Msalato kwenye mnada. Nyama ya mbuzi wa Dodoma haihitaji kusifiwa na mimi. Mbuzi hawa wanatembea sana na kula vichaka vikavu, na nyama yao ina ladha ambayo ya mbuzi wa zizini haifikii. Unachagua kipande, kinachomwa mbele yako, kinakatwa na kuletwa na ugali, kachumbari na pilipili. Mvinyo mwekundu mkavu unakwenda na chakula hicho kuliko soda, na naona kuliko bia pia, kwa sababu ule ukakasi unaotoka kwenye maganda ya zabibu unalainishwa na mafuta ya nyama. Wengi wamejaribu waini nyekundu peke yake, tumbo tupu, ikiwa ya moto, wakaapa kutorudia tena. Wajaribu hivi.

Na naomba tusiishie kwenye nyama. Mgogo halisi atakupikia ugali wa uwele, mweusi kidogo, wenye harufu ya nafaka iliyosagwa karibuni. Pembeni ataweka mlenda, ambao majani yake huchumwa masika, yakakaushwa na kutwangwa ili familia ile kiangazi chote, na ukiungwa kwa karanga unakuwa mboga kamili. Kuna maziwa ya mgando, kuna asali, kuna ubuyu na ukwaju. Ni chakula cha watu waliojifunza kuishi na ukame bila kuonewa huruma, na kinastahili kuwekwa kwenye sahani nzuri. Wenye hoteli wa Dodoma, nawasihi kwa heshima: mgeni aliyetoka Mwanza au Mombasa anaweza kula wali kuku kwao. Mwandikieni mlenda na ugali wa uwele kwenye orodha ya vyakula, tena ukurasa wa kwanza, na mmuuzie mvinyo wa Dodoma kwa glasi ili asilazimike kununua chupa nzima ya kitu asichokijua.

Sasa niseme kwa nini wito huu ni wa haraka. Zabibu ya mvinyo haisubiri. Mahindi utayaweka ghalani ukingoje bei ipande. Zabibu ikishaiva una siku chache tu, na ikishakatwa shambani una saa. Mkulima mdogo hana tangi wala chumba cha baridi. Viwanda vikijaza matangi yake, vishada vinabaki juani, na mtu aliyekopa kununua dawa na kulipa vibarua wa kupogoa anatazama mwaka mzima ukioza. Baadhi ya vikundi na wasindikaji wadogo wamejaribu kutoka kwenye mtego huo kwa kukamua na kuchachusha wenyewe, kisha kuuza mchuzi wa zabibu kwa viwanda vikubwa, au kuujaza kwenye chupa zenye nembo yao. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini mchuzi nao lazima mwishoni unywewe na mtu, na hapo ndipo zamu yetu ilipo.

Tazama rafu za maduka yetu makubwa. Mvinyo wa Afrika Kusini umejaa, nao ni mzuri, sina ugomvi nao. Ninachotaka ni kwamba chupa ya Dodoma isiwe ile iliyosukumwa chini kwenye kona, au iliyosimamishwa dirishani ikipigwa na jua. Mwenye duka, joto linaua mvinyo kabla hata haujafunguliwa. Tafadhali zihamishie chupa hizo kivulini, zilaze. Na wewe mnunuzi, soma lebo kabla ya kulipa. Sheria yetu ya ushuru wa bidhaa inautofautisha mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za ndani na ule usiofika hapo, na tofauti hiyo ndiyo maisha ya mkulima wa Mpunguzi. Uliza zabibu zimetoka wapi. Muuzaji akiulizwa swali hilo na wateja kumi kwa wiki, atampelekea msambazaji.

Ukishafika nyumbani na chupa yako, nyekundu iweke kwenye friji nusu saa kabla ya kuinywa. Wanaosema inywewe katika joto la chumba waliishi kwenye nyumba za mawe za Ulaya. Sebule ya Dodoma mwezi Oktoba ni jambo jingine. Nyeupe iwe baridi zaidi, lakini usitie barafu ndani ya glasi. Kama huna mazoea na mvinyo mkavu, anza na ule wenye utamu kidogo bila kuona haya, halafu panda taratibu. Kunywa na chakula, kunywa na watu, na glasi mbili zitoshe.

Kamati za harusi nazisemesha peke yao, kwa kuwa nguvu yao ni kubwa. Fungu la vinywaji kwenye bajeti ya harusi moja ya Dar es Salaam au Arusha linaweza kumaliza shehena ya msindikaji mdogo. Wekeni chupa za Dodoma kwenye meza kuu, na mshereheshaji aseme zimetoka kijiji gani. Ofisi za umma na mashirika yanayoandaa chakula cha jioni makao makuu ya nchi yafanye hivyo hivyo. Ni jambo la ajabu mgeni wa serikali kulala Dodoma na kunyweshwa mvinyo uliosafiri kwa meli, wakati mizabibu iko mwendo mfupi kutoka mezani pake.

Kwa ndugu zangu msiokunywa, kwa imani au kwa afya, safari hii ni yenu pia, wala sitaki mtu asimame pembeni. Zabibu mbichi zinauzwa sokoni na barabarani msimu wote wa mavuno. Ipo juisi, zipo zabibu kavu za kupamba pilau na keki. Kila kilo inayonunuliwa ikiwa mbichi haimlilii mwenye kiwanda, na kwa mkulima fedha ya juisi ni fedha ile ile. Mleteni mtoto aone tunda analolijua kwenye pakiti likining'inia mtini.

Mwenye siku ya tatu aendelee na ile barabara ya kaskazini hadi Kolo, wilayani Kondoa. Michoro ya miambani iliyoko huko imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006. Mwanaakiolojia Mary Leakey aliinakili kwa mkono mwaka 1951, na ukiyaona yale maumbo marefu membamba utaelewa kwa nini alipanda vilima hivyo kila siku. Au elekea Chamwino, kwenye kijiji cha watu wa ilimba na zeze, ambako kituo cha sanaa kimekuwa kikiandaa tamasha la muziki wa Cigogo. Dunia iliujua muziki huo kwa marehemu Hukwe Zawose. Kina mama wakipiga ngoma ya muheme, utasikitika kwamba uliwahi kupita mkoa huu ukiwa umelala kwenye kiti.

Nanyi wenye mashamba, majirani zangu, mna sehemu yenu. Mgeni haji mahali asipojua kama anakaribishwa. Wekeni kibao barabarani chenye namba ya simu, siku mnazopokea watu, na bei ya kutembezwa na kuonja. Jengeni kibanda chenye kivuli, choo safi na meza mbili. Mchagueni kijana mmoja katika ushirika ajifunze kueleza shamba kwa Kiswahili kizuri, kuanzia kipandikizi hadi chupa, naye alipwe. Mkipata mpishi mmoja wa mlenda na mbuzi mmoja wa kuchoma kila Jumamosi, mna kila kitu kinachohitajika kuanza, na mavuno ya Agosti hayako mbali.