Kabla ya katiba mpya, lipeni deni la ile ya zamani

Vijana wenzetu wa Manika na Dilala,

Wametuanzia tena wimbo wa katiba. Tangu Oktoba 2024, Rais Tshisekedi aliposema kule Kisangani kwamba ataunda tume ya kufikiria katiba mpya, wakubwa wanatuambia ile ya 2006 haitufai. Siye tunauliza: muliijaribu?

Katiba ni mapatano ya watu wasioaminiana. Ile ya 18 Februari 2006 ilitoka vitani. Wengine walitaka shirikisho, wengine waliogopa nchi itapasuka. Wakakutana katikati: nchi moja isiyogawanyika, majimbo 26, na kifungu cha 175 kinachosema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na inakatwa palepale yanapokusanywa.

Palepale! Neno hilo ndilo lilikuwa bei ya umoja. Hawakuandika "leteni kwanza Kinshasa, tutawarudishia". Lakini ndivyo tunavyoishi karibu miaka 20: feza inapanda juu, halafu inashuka kidogo, inachelewa, au haishuki.

Wazee wetu walishaona mchezo huu. Januari 1960, kwenye Meza ya Duara ya Brussels, Lumumba alitaka nchi yenye serikali moja yenye nguvu, Tshombe na Conakat yake wakataka shirikisho. Walibishana sana juu ya viti. Mkutano wa pili, ule wa uchumi, wakubwa wengi hawakwenda. Walituma vijana wa chuo. Mambo ya feza na ya makampuni yakaamuliwa bila wao. Ile Sheria ya Msingi ya 19 Mei 1960 ilipigiwa kura na bunge la Ubelgiji, si letu. Tarehe 11 Julai Katanga ikajitenga, na mwisho wake ulikuja hapa hapa Kolwezi, Januari 1963, ngome ya mwisho ya Tshombe. Hatumsifu. Utengano ule ulilishwa na Union Minière, na Lumumba aliuawa kwenye udongo wa Katanga. Tunasema tu kwamba mapatano yaliyofanywa nusu yalilipwa kwa damu.

Hata Wamarekani, wanaopenda kutufundisha demokrasia, walianza vibaya. Mwaka 1787, Philadelphia, wanaume 55 walipanga serikali yao. Majimbo madogo yalipewa viti sawa kwenye Seneti. Majimbo ya kusini yakapewa jambo la aibu: kila mtumwa ahesabiwe kama sehemu tatu za tano za mtu. Kura hakuwa nayo. Alihesabiwa ili bwana wake apate viti vingi zaidi. Mwaka 1861 wakaanza kuuana.

Juu ya nini tunawakumbusha hayo? Juu na siye tunahesabiwa vile. Kobalti ya Kasulo inapimwa, inapakiwa, inapita Kasumbalesa. Lakini mchimbaji wa mikono aliyeingia shimoni kuitoa, nani alimuuliza kitu?

Na musituambie haiwezekani. Sheria ya madini ya 9 Machi 2018 iligawa mrabaha: asilimia 25 kwa jimbo, 15 kwa manispaa na machifu wa mahali mgodi ulipo, na kila mmoja analipwa moja kwa moja. Kumbe "palepale" inawezekana wakitaka.

Sasa angalieni mtego. Kila mtu anazungumza juu ya mihula miwili ya rais, na ni haki. Lakini soma kifungu cha 220 mpaka chini. Kinakataza pia kupunguza madaraka ya majimbo. Siku wakivunja kufuli hilo kwa ajili ya muhula, asilimia 40 yetu itatokea mlango uleule, na hakuna atakayeiona ikitoka.

Kwa hiyo tunasema hivi. Wabunge wa Lualaba, kabla ya kuinua mkono kwa katiba yoyote, mudai kwanza kifungu cha 175 kitekelezwe. Muje Kolwezi mutuambie mumedai nini na mumejibiwa nini.

Na nyinyi wa ofisi za jimbo na manispaa, musijifiche nyuma ya Kinshasa. Ile 25 na ile 15 ni yenu kuhesabu. Bandikeni hesabu ukutani, mwezi kwa mwezi, kwa Kiswahili. Tutakuja kuzisoma.