Tikiti ya Urais ni Mali ya Mwanachama

Wanasiasa wa Pwani wanaoitaka tikiti ya urais wana desturi moja iliyonichosha. Hujitosa kwa kishindo, wakazunguka na misafara, wakapokewa kwa ngoma na vigelegele, na siku ya kura ikikaribia wakamwachia mwingine. Sisi tuliobaki huku Likoni, kuanzia kivukoni hadi Shelly Beach, Mtongwe na Shika Adabu, tunaambiwa tushangilie. Hatukuulizwa walipoingia, hatuulizwi wanapotoka. ODM inakwenda kwenye uchaguzi wa tarehe 10 Agosti 2027 bila Raila Odinga, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu chama kiundwe. Nasema desturi hiyo na ife sasa, kabla mtu yeyote hajakodisha ukumbi.

Tukumbushane ya Kasarani. Tarehe 1 Septemba 2007 wajumbe wa ODM walikusanyika kumchagua atakayepambana na Mwai Kibaki. Waliokuwa wametangaza nia ni watano: Raila, Musalia Mudavadi, William Ruto, Joseph Nyagah na Najib Balala, wakati huo mbunge wa Mvita. Kabla ya kura, Balala na Nyagah walijiondoa na kumuunga mkono Raila. Kura zikapigwa, zikahesabiwa: Raila 2,656, Mudavadi 391, Ruto 368.

Zitazameni hesabu hizo vizuri. Raila aliwaacha wenzake mbali mno. Hakuhitaji hata kura moja ya Balala ili ashinde. Kujitoa kwa mtoto wa Mombasa hakukumwokoa yeyote na hakukubadilisha mshindi. Kilichopotea ni kitu kimoja tu, nacho kilikuwa chetu: idadi. Hadi leo hakuna ajuaye Pwani ilikuwa na kura ngapi ndani ya chama kile, kwa sababu hazikuhesabiwa chini ya jina la Mpwani. Mudavadi alishindwa, akawa mgombea mwenza, kisha Naibu Waziri Mkuu. Ruto alishika mkia kwa kura 368, na miaka 15 baadaye akaapishwa kuwa Rais wa Jamhuri. Aliyeshindwa kwa kura hubaki na kitu cha kuweka mezani. Aliyejiondoa hubaki akingoja fadhila. Balala alipewa Wizara ya Utalii, ndiyo, na miaka michache baadaye akaondoka chamani. Wizara ile ilikuwa ya mtu mmoja. Kura zingekuwa za Pwani nzima.

Tangu siku ile, ODM haijapiga tena kura ya kweli ya kumpata mgombea urais. Mwaka 2012 Mudavadi alihama akilalamikia kifungu cha katiba ya chama kilichomfanya kiongozi wa chama kuwa mgombea moja kwa moja. Mwaka 2017 jina lilitoka kwa vinara watano wa muungano wa NASA, likatangazwa Uhuru Park, nasi tukapashwa habari. Kisha ikaja 2021. Chama kilitangaza kwamba anayeitaka tikiti aombe na alipe ada ya shilingi milioni 1. Hassan Joho, gavana wetu wa wakati huo, akaomba. Wycliffe Oparanya naye akaomba. Nakumbuka jinsi vijana wa huku walivyosimama wima: safari hii Mpwani amesema yuko debeni. Debe lenyewe halikuletwa. Desemba ile Raila alitangaza nia yake Kasarani, na Februari 2022 wajumbe wakaitwa kuidhinisha jina moja.

Simlaumu Raila peke yake, na wala sitaki kumsema vibaya marehemu ambaye watu wa Likoni walimpenda kwa dhati na kumlilia kwa dhati alipofariki tarehe 15 Oktoba 2025. Ugonjwa huu ni wa siasa yetu nzima. Tarehe 14 Oktoba 2002 wajumbe wa KANU walikwenda Kasarani kuitikia jina la Uhuru Kenyatta, ambalo Moi alikwisha kulichagua. Siku hiyo hiyo, Uhuru Park, wapinzani wakasikia maneno mawili, "Kibaki Tosha", na mgombea akawa amepatikana. Tunazisimulia siku hizo mbili kana kwamba upande mmoja ulikuwa giza na mwingine nuru. Pande zote mbili, mtu mmoja alisema na umati ukaitikia. Upande wa pili uliibuka na mtu aliyekubalika na wengi. Hiyo ilikuwa bahati, na chama hakiendeshwi kwa bahati.

Mtu wa Shelly Beach itamfaa nini kura ya mchujo? Itamfaa kwa sababu mwanasiasa humfuata mpiga kura ambaye hajamtia mfukoni. Mwaka 2013 Mombasa ilimpa Raila kura nyingi kuliko Uhuru. Lakini aliyekuja Januari 2016 na hatimiliki za shamba la Waitiki, ekari 930 zilizogombaniwa kwa miaka mingi hapa Likoni, ni Uhuru, na alikuja akitafuta kura za 2017. Hata hatimiliki zenyewe zilikuja na deni la shilingi 182,000 kwa kila familia, jambo lililowatia watu uchungu. Vivyo hivyo bandari. Serikali ya Jubilee ya Uhuru iliposukuma makontena yapakiwe kwenye reli mpya hadi Nairobi, wenye malori, mawakala wa forodha na makuli walikosa kazi, wakaandamana Jumatatu baada ya Jumatatu mwaka 2019. Amri ya kurudisha huduma za mizigo Mombasa ilitolewa na Ruto siku alipoapishwa, Septemba 2022, baada ya kuahidi hivyo kwenye kampeni. Chama tulichokipa kura zetu miaka yote hiyo hakikulazimika kushindana na mtu ili kizipate. Kilikuwa na hakika nazo. Huwezi kumdai mtu anayejua huna pa kwenda.

Na madai tunayo. Kivuko cha Likoni huvusha zaidi ya watu 300,000 kwa siku. Feri ya Mtongwe ilizama tarehe 29 Aprili 1994 na watu 272 wakafa. Septemba 2019 mama na mwanawe waliteleza baharini wakiwa ndani ya gari lao kutoka MV Harambee, na ilichukua karibu wiki mbili kuwatoa. Daraja la kuelea la Liwatoni lilifunguliwa mwaka 2021, nalo lilijengwa kwa waendao kwa miguu. Daraja la kudumu la kutuunganisha na kisiwa limeahidiwa kwa miaka na bado halijasimama. Mgombea gani wa tikiti ya urais, katika chama chochote, amewahi kusimamishwa mbele ya watu wa Timbwani au Bofu akaulizwa daraja litajengwa kwa fedha zipi na litaanza mwaka gani, huku akijua kwamba wanaomuuliza ndio wenye kura ya kumpa au kumnyima tikiti? Hakuna. Hawakuwahi kutuhitaji katika hatua hiyo. Hutujia baadaye, mambo yakiwa yamekwisha, na fulana.

Watu husema mambo ya ndani ya chama ni ya chama. Si kweli. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inataka Mfuko wa Vyama utengewe si chini ya asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa, na ODM ni miongoni mwa vyama vinavyopata fungu kubwa zaidi. Hizo ni kodi za mama muuza viazi vya karai kivukoni na za dereva wa tuktuk wa barabara ya Shelly Beach. Katiba, kifungu cha 91, inaviagiza vyama viendeshe demokrasia ndani yake kwa chaguzi za mara kwa mara, za haki na huru. Chama kinachokula kodi yetu na kutunyima kura kinavunja ahadi hiyo, hata kama nyimbo zake ni tamu.

Wapo watakaoniambia mchujo huleta fujo na mpasuko. Nimeziona fujo za mchujo wa magavana na wabunge, sizikatai. Tiba yake ni sajili safi ya wanachama na wasimamizi wasiokuwa na mgombea mfukoni. Kuifuta kura si tiba. Na ni nani asiyeuona mpasuko uliopo tayari? Tangu makubaliano ya Ruto na Raila ya tarehe 7 Machi 2025, Chungwa, yaani ODM, lina kambi ya waliomo katika Serikali Jumuishi na kambi ya wanaotaka chama kibaki upinzani. Kambi moja inataka kumuunga mkono Ruto 2027, nyingine inataka mgombea wa chama. Oburu Oginga, aliyekabidhiwa uongozi baada ya ndugu yake, hawezi kuumaliza ugomvi huo kwa tamko, wala wazee wa chama hawataumaliza kwa kikao cha usiku hotelini. Swali lipelekwe kwa wanachama. Jina la kila anayeitaka tikiti liwe kwenye karatasi, na anayetaka chama kimfuate Ruto asimame atetee hoja yake jukwaani, apigiwe kura kama wengine. Akishinda, tutajua ni uamuzi wa wanachama.

Jirani zetu Watanzania wametuonyesha njia zote mbili ndani ya wiki moja. Januari 2025 mkutano mkuu wa CCM Dodoma ulimpitisha Samia Suluhu Hassan akiwa jina pekee, chama kile kile ambacho mwaka 2015 kilipokea fomu za wanachama 38 wautakao urais kabla ya kumfikia Magufuli. Siku chache baadaye, Dar es Salaam, CHADEMA ilichagua mwenyekiti mbele ya kamera usiku kucha: Tundu Lissu kura 513, Freeman Mbowe, aliyekiongoza chama kwa miaka 20, kura 482. Mbowe alikubali kushindwa asubuhi ile ile. Yaliyowapata baadaye, yakiwemo mashtaka ya uhaini dhidi ya Lissu, yalitoka kwa dola. Hayakuletwa na kura ile. Chama kilichokuwa na mwenyekiti mzito kuliko wote kilithubutu kuhesabu.

Sasa niseme na wetu. Mheshimiwa Joho, wewe ni waziri katika serikali ya Ruto. Ukiitaka tikiti, itangaze na ubaki debeni hadi kura ya mwisho ihesabiwe, hata ukijua utashindwa. Ukiwa huitaki, usitutie joto. Gavana Abdulswamad Nassir, wewe ni naibu kiongozi wa chama. Kazi yako ya kwanza kwa watu wa Mombasa ni kupigania sajili ya wanachama na kura katika wadi, kabla ya kupigania mtu. Na nyinyi wajumbe wa Likoni, mnaosafirishwa, mkalazwa na kulishwa ili mnyanyue mikono: kataeni kunyanyua mikono bila karatasi ya siri. Anayewalipia basi hana haki ya kupiga kura badala yenu.

Wala sisemi tumchague Mpwani kwa kuwa ni Mpwani. Huo nao ni utumwa, wa ukoo badala ya chama. Ronald Ngala wa Kilifi aliongoza KADU, chama cha kitaifa kilichokuwa na watu wa Bonde la Ufa na Magharibi, na mwaka 1964 KADU ilivunjwa kwa makubaliano ya wakubwa na viongozi wake wakahamia KANU. Mpwani kuwa kileleni hakukumlinda mwanachama wa kawaida, kwa sababu uamuzi haukuwa wake. Mimi niko tayari kumpigia kura Mluo, Mluhya au Mkamba atakayetia sahihi mbele yetu juu ya ardhi, bandari na daraja, kuliko ndugu yangu atakayenikumbatia kisha aniuze. Na haya nawaambia pia vinara wa upinzani, Kalonzo Musyoka na wenzake, wanaotafuta mgombea mmoja kwa kukaa meza moja: Mombasa ina zaidi ya wapiga kura 600,000, nayo haijaulizwa.

Basi wanachama wa Chungwa wa Likoni, nendeni ofisi ya chama mthibitishe majina yenu kwenye sajili. Ulizeni kwa maandishi kura ya tikiti ya urais itapigwa lini na katika kituo gani kwa kila moja ya wadi zetu tano. Mkijibiwa kwamba wajumbe wataidhinisha kwa niaba yenu, msimpokee mgombea huyo kivukoni. Hajaja kuomba chochote kwenu.