Tusilipie Picha na Simba wa Kufungiwa

Ipo biashara moja ya utalii ambayo msafiri mwenye utu anapaswa kuikataa bila kusitasita: kulipia picha na mnyamapori aliyefungiwa. Tunasema hivyo tukijua kwamba wengi wanaolipa ni watu wanaowapenda wanyama. Mapenzi hayo ndiyo mtaji wa wenye biashara, na ndiyo maana wajibu wa kuikomesha unaanza kwa anayetoa fedha.

Mfano ulio wazi uko Afrika Kusini. Kwa miaka mingi mashamba ya simba nchini humo yamewauzia wageni nafasi ya kumpakata mtoto wa simba, kumnywesha maziwa kwa chupa na kupiga naye picha. Ili apatikane wa kupakatwa, mtoto huyo hutenganishwa na mama yake akiwa na siku au wiki chache tu. Porini angekaa naye karibu miaka miwili, na muda huo wote mama hupumzika kuzaa. Shambani, jike aliyenyang'anywa watoto huingia tena kwenye joto mapema, akapandwa, akazaa, akanyang'anywa tena.

Mtoto mwenyewe, ambaye kwa umri wake angepaswa kulala sehemu kubwa ya siku, huamshwa kila kundi la wageni linapoingia. Hunyanyuliwa, akapitishwa kutoka paja hadi paja, simu zikimmulika usoni. Baada ya miezi kadhaa meno na makucha huwa hatari, naye hafai tena kupakatwa. Porini hawezi kurudi, kwa kuwa hakujifunza kuwinda wala hamwogopi binadamu. Mbele yake kuna kuzalishwa, kuuzwa kwa mwindaji atakayempiga risasi ndani ya uzio, au kuuawa ili mifupa yake iuzwe Asia. Mwaka 2017 pekee serikali ya nchi hiyo iliruhusu mifupa ya simba 800 isafirishwe nje. Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba viwango vya 2017 na 2018 viliwekwa kinyume cha sheria, kwa sababu ustawi wa simba hao haukuzingatiwa.

Mwaka 2021 Waziri wa Mazingira wa wakati huo, Barbara Creecy, alitangaza nia ya serikali kukomesha ufugaji huu wa kibiashara, na Machi 2024 Baraza la Mawaziri likaidhinisha sera hiyo. Ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo, banda lenye wateja mlangoni halifungwi na tangazo.

Wapo wanaojitetea kwamba picha moja haidhuru. Haba na haba hujaza kibaba: hakuna shamba linaloendeshwa na mteja mmoja, wote ni wa picha moja moja. Wapo wanaoambiwa kwamba watoto hao ni yatima na kwamba fedha zinakwenda kwenye uhifadhi. Nchini Thailand, watalii walilipa kwa miaka mingi kupiga picha na chui milia katika hekalu moja la Kanchanaburi, wakiamini wanasaidia hifadhi ya kidini. Maofisa walipoingia mwaka 2016 kuwaondoa wanyama hao, walikuta maiti 40 za watoto wa chui milia kwenye jokofu. Neno "hifadhi" kwenye bango si ushahidi. Kituo cha kweli hakizalishi wanyama kwa maonyesho, hakiwauzi, wala hakiwakabidhi kwa wageni wawashike.

Na wapo wanaotaja ajira. Hoja hiyo ni nzito, lakini jibu lake liko hapa kwetu: Serengeti, Ruaha na Maasai Mara zinalisha maelfu ya familia kwa sababu simba wake wako huru na mgeni huwatazama kutoka kwenye gari. Mkate wa mwongozaji hautegemei mnyama kushikwa.

Kwa hiyo wajibu ugawanywe. Msafiri, kabla hujalipa, uliza maswali mawili: mama wa mtoto huyu yuko wapi, na watoto wa mwaka jana wamepelekwa wapi? Usipojibiwa kwa uwazi, ondoka na fedha zako. Ukikutana na picha ya namna hiyo mtandaoni, usiipende wala kuisambaza, kwani ndiyo tangazo linalomleta mteja anayefuata. Wakala wa safari, ondoa vituo hivyo kwenye ratiba zako na umweleze mteja sababu. Mamlaka za utalii za Afrika Mashariki zitamke wazi kwamba mtindo huu hautapewa leseni kwetu, awe simba, duma, tumbili au kasa. Serikali ya Afrika Kusini nayo itimize ilichoahidi, kwa tarehe na kwa sheria. Hadi hapo, mteja anayo nguvu ambayo haihitaji kibali cha waziri yeyote: kutolipa. Aitumie.